Je, Mtu Aweza Kukataa Fundisho Moja na Kubaki Katika Kanisa Lake?



Jioni moja, siku chache baada ya Pasaka ya mwaka jana, nilisikia hodi mlangoni. Aliyeingia ni kijana mmoja niliyemfundisha zamani katika chuo cha ualimu. Namwita kijana kwa mazoea tu, maana sasa yeye mwenyewe ana watoto wa shule. Si mtu wa kanisa letu. Alibatizwa na kulelewa katika kanisa moja la mapokeo ya Kalvini, na huko ndiko anakofundisha shule ya Jumapili na kuongoza kwaya. Tulipokwisha kunywa chai alinieleza shida iliyomleta.

Washarika wenzake wamemchagua awe mzee wa kanisa. Kabla ya kuwekwa katika kazi hiyo, atasimama mbele ya watu na kuulizwa kama anayakubali mafundisho ya ungamo la imani la kanisa lake. Naye amelisoma ungamo hilo kwa makini, kama nilivyomfundisha kusoma kila kitabu. Humo alikuta fundisho kwamba Mungu, kabla ya kuumba ulimwengu, aliwaamuru watu wengine wapate uzima na wengine wapate mauti, na kwamba hesabu ya hao na hawa haiongezeki wala haipungui.

"Mwalimu," akasema, "jambo hilo nimejaribu kuliamini, nimeshindwa. Nikijibu ndiyo, nitakuwa nimesema uongo mbele ya meza ya Bwana. Nikijibu hapana, nitaonekana nimeliasi kanisa lililonilea."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema lililokuwa zito zaidi. Mama yake alikuwa mgonjwa tangu miaka miwili, wala hakuna aliyetumaini kwamba atapona. Usiku, maumivu yakimzidi, mama humwita na kumwuliza, "Mwanangu, nitajuaje kama mimi nimo katika walioteuliwa?" Naye hana la kumjibu.

Sina budi kukiri kosa langu. Neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa, "Njoo kwetu." Nilimwambia kwamba Anglikana hatuna shida hiyo, na kwamba padre wetu atampokea kwa furaha. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Niliona kwamba mtu amekuja kwangu na swali la dhamiri, nami nimemjibu kama mfanyabiashara anayemwita mteja wa duka la jirani. Tena niliyomwambia hayakuwa kweli kamili, kama nitakavyoonyesha hapa chini. Kesho yake nilishusha vitabu vyangu nikaanza kujifunza upya. Somo hili ndilo tunda la kazi hiyo.

1. FUNDISHO LENYEWE NI LIPI?

Yatupasa kwanza tuwatendee haki wale tusiokubaliana nao. Yohana Kalvini (1509–1564), aliyefundisha katika mji wa Geneva, hakulizua fundisho hili kwa ukatili wa moyo. Alilipokea kutoka kwa Mtakatifu Agostino, na wote wawili walidai kwamba wamelitoa kwa Mtume Paulo. Nia yake ilikuwa kumnyenyekeza mwanadamu, asije akajisifu kwamba amejiokoa kwa akili au kwa wema wake. Wokovu ni wa Mungu tangu mwanzo hadi mwisho. Katika hilo Mkristo yeyote hana la kubisha.

Ugumu wakuja katika hatua inayofuata. Ikiwa imani ni kipawa cha Mungu, na si wote walio na imani, je, Mungu aliamua tangu asili kuwanyima wengine? Wengi wa wafuasi wa Kalvini walijibu kwamba ndivyo ilivyo. Wakaongeza kusema kwamba Kristo alikufa ili kuwaokoa wateule peke yao. Walikiri kwamba thamani ya mauti yake yatosha kwa ulimwengu wote, lakini walisema kwamba kusudi lake la kuokoa ni kwa wateule tu.

2. MAANDIKO YASEMAJE?

Mwanafunzi wa Biblia ataona kwamba ziko aya za namna mbili. Asizifiche aya za upande mmoja ili ashinde hoja.

Upande wa kwanza, someni Waefeso 1:4–5, Warumi 8:29–30, Yohana 6:44 na Matendo 13:48. Humo twafundishwa kwamba Mungu ndiye aliyetutangulia. Alituchagua kabla hatujamchagua, wala hakuna ajaye kwa Mwana asipovutwa na Baba.

Upande wa pili, someni 1 Timotheo 2:4–6, 1 Yohana 2:2, 2 Petro 3:9 na Ezekieli 33:11. Humo twaambiwa kwamba Mungu ataka watu wote waokolewe, kwamba Kristo alijitoa kwa ajili ya wote, na kwamba Mungu hafurahii kufa kwake mwovu.

Kuna wanaosema kwamba neno "wote" katika aya hizi maana yake ni watu wa kila namna na kila taifa, wala si kila mtu. Wako na wanaosema kwamba Mungu aliwachagua wale aliowajua tangu mbele kuwa wataamini. Mimi nimezipima hoja za pande zote mbili, nami nasimama na wale wanaosema kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya kila mtu bila kubagua. Lakini natambua kwamba watu wenye elimu kunizidi, na walio watakatifu kunizidi, wamesimama upande mwingine huku Biblia ile ile ikiwa mkononi mwao. Kwa hiyo swali la yule kijana halikwisha kwa kumwonyesha aya. Alikuwa anauliza mtu afanye nini ndani ya kanisa lake akiisha kusadiki tofauti.

3. ARMINIUS NA SINODI YA DORDRECHT

Yeye si wa kwanza kuuliza hivyo. Jacobus Arminius (1560–1609) alikuwa mchungaji wa Kanisa la Matengenezo huko Amsterdam tangu mwaka 1588, kisha akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden tangu mwaka 1603. Alilitilia shaka fundisho la kwamba Mungu amewachagua wengine na kuwaacha wengine bila kuangalia imani yao. Hakutoka katika kanisa lake. Alifundisha humo, alishtakiwa humo, akajitetea humo, akafa akiwa angali profesa wake.

Mwaka 1610, baada ya kufa kwake, wafuasi wake walipeleka hoja zao tano kwa serikali ya Uholanzi. Ugomvi ukakua, na mambo ya siasa yakaingia ndani yake. Mwisho sinodi kubwa ilikusanyika katika mji wa Dordrecht tangu Novemba 1618 hadi Mei 1619, ikawahukumu kuwa wamepotoka. Wachungaji wapatao 200 waliondolewa katika kazi zao. Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi mkuu wa serikali aliyewalinda, alikatwa kichwa mwezi huo huo wa Mei 1619. Mtaalamu wa sheria Hugo Grotius alifungwa kifungo cha maisha, naye alitoroka mwaka 1621 akiwa amefichwa ndani ya sanduku la vitabu.

Hapa twajifunza jambo la huzuni. Watu waliokiri kwamba neema ni ya Mungu peke yake walishindwa kuwaonyesha ndugu zao neema kidogo. Nasi tusiwanyoshee kidole, maana kanisa letu pia, katika karne zile zile, liliwafunga na hata kuwaua watu kwa ajili ya dini.

Hata hivyo sinodi ile iliacha desturi moja ya kutusaidia. Wachungaji walitakiwa kutia sahihi mafundisho ya kanisa, na katika sahihi hiyo waliahidi kwamba, wakipata mashaka juu ya fundisho lolote, hawatalihubiri shaka hilo kwa siri, bali watalileta wazi mbele ya vikao vya kanisa lichunguzwe. Yaani kanisa lenyewe lilijua kwamba shaka laweza kumpata mtu mwaminifu, likaweka mlango wa kulipitishia.

4. MCHUNGAJI WA ROW

Mfano ulionigusa zaidi ni wa Uskoti. John McLeod Campbell alizaliwa mwaka 1800, mwana wa mchungaji wa Kipresbiteri. Mwaka 1825 alipewa usharika wa Row, kijiji kilicho kando ya maji magharibi ya nchi, ambacho siku hizi huandikwa Rhu. Alikuta watu wanaohudhuria ibada na kujitahidi katika maadili, lakini mioyo yao haina furaha. Kila mmoja alijichungulia ndani kutafuta dalili za uteule. Akiona dhambi, aliogopa kwamba hamo. Akiona wema, aliogopa kwamba ni unafiki.

Campbell aliona kwamba hawezi kuwaambia wamfurahie Mungu ikiwa hawezi kumwambia kila mmoja wao, "Kristo alikufa kwa ajili yako." Basi akaanza kuhubiri hivyo. Mwaka 1830 baadhi ya washarika walimshtaki mbele ya presbiteri ya Dumbarton, ingawa wengi walimtetea. Kesi ilipanda hadi Mkutano Mkuu wa Kanisa la Uskoti, uliokutana Edinburgh mwezi Mei 1831. Walizungumza usiku kucha. Baba yake, mchungaji mzee, alisimama akasema kwamba ataipokea hukumu ya kanisa kwa utii, lakini hamwogopei mwanawe, wala hataona haya kamwe kuwa baba wa mtu mwema namna ile. Kura zilipohesabiwa, 119 walitaka avuliwe kazi ya uchungaji, na 6 tu walikataa.

Sisemi kwamba Campbell alikuwa sahihi katika kila neno. Alishtakiwa pia kwa kufundisha kwamba uhakika wa wokovu ni sehemu ya imani yenyewe, na fundisho hilo laweza kumwumiza mtu ambaye imani yake ni changa. Lakini tazameni alivyojichukua baada ya hukumu. Alikuwa na umri wa miaka 31, na jina lake lilivuma nchi nzima. Angeweza kuanzisha kanisa lake mwenyewe, lakini hakufanya hivyo. Tangu mwaka 1833 aliwahubiria watu waliokusanyika kwake huko Glasgow, bila kuunda madhehebu mapya. Mwaka 1856 alitoa kitabu juu ya upatanisho ambacho wanatheolojia wangali wanakisoma. Mwaka 1859 afya yake ilipodhoofika, aliwashauri watu wake waende kuabudu katika usharika wa Barony, wa Kanisa lile lile la Uskoti lililomfukuza.

Na kanisa nalo halikukaa pale pale. Mwaka 1868 Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa heshima ya udaktari wa theolojia. Mwaka 1871 wajumbe wa karibu madhehebu yote ya Uskoti walimpelekea hati ya heshima. Alifariki mwezi Februari 1872. Miaka saba baadaye, mwaka 1879, Kanisa moja la Presbiteri la huko lilitoa tamko rasmi kwamba fundisho la uteule lishikwe pamoja na kweli kwamba Mungu awapenda wanadamu wote, na kwamba watoto wafao wakiwa wachanga wasihesabiwe kuwa wamepotea. Kanisa Huru la Uskoti lilifuata mwaka 1892. Huko Marekani, Presbiteri wa sehemu za kaskazini walitangaza mwaka 1903 kwamba watoto wote wafao katika uchanga wamo katika uteule wa neema. Kanisa la Uskoti nalo, katika kanuni zake za mwaka 1921, lilithibitisha uhuru wa mawazo katika mambo yasiyogusa kiini cha imani.

Habari hizi si za mbali nasi. Wamisionari Waskoti walianza kazi Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na kutokana na mizizi hiyo likakua Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Tena huko Limuru, katika Chuo cha Mtakatifu Paulo, ambacho sasa ni chuo kikuu, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na watu wa Kanisa la Matengenezo la Afrika Mashariki wameandaliwa pamoja kwa kazi ya uchungaji.

5. UNGAMO LAJISHUHUDIA LENYEWE

Jambo lililonishangaza katika kusoma kwangu ni hili. Ungamo la Westminster, ambalo Kanisa la Uskoti lililipokea mwaka 1647, ndilo lenye fundisho gumu la amri ya Mungu katika sura yake ya 3. Lakini katika sura ya 1 laeleza kwamba mwamuzi mkuu wa kila shauri la dini ni Roho Mtakatifu anenaye katika Maandiko. Katika sura ya 20 lasema kwamba Mungu peke yake ndiye Bwana wa dhamiri. Na katika sura ya 31 lakiri kwamba sinodi na mabaraza yaweza kukosea, kwamba mengi yamekwisha kukosea, na kwa hiyo yasifanywe kuwa kanuni ya imani, bali msaada.

Basi mtu anayesimama ndani ya kanisa hilo na kusema, "Katika sura ya 3 naona mmekosea, nami naleta Maandiko," hajaliasi ungamo. Ametumia haki ambayo ungamo lenyewe limempa. Mwasi ni yule anayeapa kwa mdomo huku moyoni amekataa, au anayepita nyumba kwa nyumba akiwapotosha washarika gizani.

Hata Kalvini mwenyewe alitoa dawa kwa wenye hofu kama mama yule. Alifundisha kwamba tusiutafute uteule wetu kwa kujichungulia sisi wenyewe, wala kwa kupenya katika siri za Mungu. Tumtazame Kristo, maana yeye ndiye kioo ambacho ndani yake twauona uteule wetu.

6. NA SISI WAANGLIKANA JE?

Nilimwambia kijana kwamba sisi hatuna shida hiyo. Nilikosea. Makala ya 17 kati ya Makala zetu 39 za Dini yahusu uteule, nayo yasema kwamba kuamriwa tangu asili kuingia katika uzima ni faraja kubwa kwa wacha Mungu. Tofauti ni kwamba hainyoshi mkono kusema kuwa Mungu amewaamuru wengine kwenda motoni, nayo yaonya kwamba ni hatari kwa watu wa mwili kulitazama jambo hilo daima. Makala ya 31 yafundisha kwamba sadaka ya Kristo yatosha kwa dhambi zote za ulimwengu wote. Na katekisimo ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 yamfundisha mtoto kwamba Mwana wa Mungu amemkomboa yeye na wanadamu wote, kisha kwamba Roho Mtakatifu amtakasa yeye na wateule wote wa Mungu. Tazameni jinsi maneno mawili, "wote" na "wateule", yalivyowekwa jirani bila kupigana.

Haikuwa rahisi kufika hapo. Mwaka 1595 wakuu kadhaa wa Kanisa la Uingereza waliandika makala kali za uteule huko Lambeth, na Malkia Elizabeth wa Kwanza akazizuia. Wajumbe wa Kiingereza walikuwako hata Dordrecht, na baadhi yao, kama John Davenant, walijitahidi kuonyesha kwamba kuna maana ambayo Kristo alikufa kwa ajili ya wote. Katika karne ya 18 makasisi wetu wawili, John Wesley na George Whitefield, waligombana hadharani juu ya jambo hili. Lakini Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri hotuba ya kumkumbuka huko London.

Nasi tuimbapo ule wimbo wa Mwamba, je, twakumbuka kwamba mtungaji wake, Augustus Toplady, alikuwa kasisi wa Anglikana aliyelitetea fundisho la Kalvini kwa ukali, tena akaandika maneno makali dhidi ya Wesley? Jumapili moja twaweza kumwimba Toplady, kisha tukamwimba Charles Wesley, ndugu yake John, na hakuna anayeinuka kutoka bencheni.

7. SHAURI NILILOMPA

Baada ya majuma mawili nilikwenda mwenyewe kwa yule kijana. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la kwanza, kisha nikampa shauri lenye mambo manne. Nayaandika hapa, maana huenda yakamfaa na mtu wa kanisa letu ambaye halikubali fundisho fulani la kwetu.

Kwanza, pima uzito wa jambo. Kama kanisa limemkana Kristo, au lakulazimisha kutenda dhambi, ondoka. Kama lamkiri Kristo Bwana na Mwokozi, nawe watofautiana nalo juu ya namna neema yake inavyowafikia watu, hiyo si sababu ya kubomoa nyumba.

Pili, usiseme uongo. Katika makanisa mengi ya Kipresbiteri mshiriki wa kawaida huulizwa imani yake kwa Kristo, lakini mzee na mchungaji huulizwa zaidi, kwa sababu wao watawafundisha wengine. Kwa hiyo mwendee mchungaji wako kabla ya siku ile. Mwambie wazi ni neno gani usiloliamini na kwa sababu gani. Akikubali upokelewe ukiwa na tofauti hiyo, mshukuru Mungu. Akikataa, usigombee cheo. Afadhali kuwa mwimbaji mkweli kuliko mzee mwongo.

Tatu, usiunde kikundi. Shaka likiwa katika kikao cha kanisa ni swali, lakini likiwa chini ya mwembe na watu watano huwa chama.

Nne, kaa ukijifunza. Huenda kanisa lako likabadilika kama la Uskoti, lililochukua karibu miaka 50. Huenda wewe ukabadilika. Mtu anayebaki ndani huku akisikiliza hupata nafasi ya kurekebisha na ya kurekebishwa pia.

Kisha tuliingia chumbani kwa mama. Sikumhubiria. Nilimwambia tu kwamba mwalimu mkuu wa kanisa lake alifundisha watu wamtazame Kristo, wasijitazame wenyewe, na kwamba Kristo huyo alijitoa kwa ajili ya wote. Aliniangalia kwa muda mrefu. "Wote, Mwalimu?" akauliza. Nikamjibu, "Wote, mama. Nawe u mmoja wao." Hakuuliza tena. Mwanawe aliniambia baadaye kwamba bado yalikuwako masiku ya hofu, lakini alipoogopa alisema neno moja tu, "wote," kisha akaomba asomewe Zaburi.

Alifariki mwezi Agosti. Kijana alikuwa amekwisha kwenda kwa mchungaji wake, nao walizungumza jioni tatu. Mchungaji yule alishika fundisho la kanisa lake bila kulegeza neno, naye alisema kwamba hana mamlaka ya kumpokea kuwa mzee mpaka shauri lake lifikishwe katika presbiteri. Hadi leo naandika, jibu halijatoka. Mwanafunzi wangu angali anaongoza kwaya.

Nilikwenda mazishini. Nakiri kwamba nilikaa nikiwa na wasiwasi juu ya atakayoyasema mchungaji huyo. Alihubiri juu ya Mchungaji Mwema anayemjua kila kondoo kwa jina lake, wala hakuna awezaye kumpokonya mkononi mwake. Alipotaja jina la marehemu sauti yake ilikatika, nasi sote tukangoja mpaka alipoweza kuendelea. Pale nilifahamu kwamba fundisho nilikataalo, likiwa mdomoni mwa mtu apendaye, laweza kuwa faraja, na fundisho nilipendalo, likiwa mdomoni mwa mtu mwenye kiburi, laweza kuwa rungu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Someni Warumi 8:29–30 pamoja na 1 Timotheo 2:4–6. Kila aya yatufundisha nini juu ya Mungu? Msiipuuze hata moja.

2. Mgonjwa akikuuliza, "Nitajuaje kama Mungu amenikubali?", utamjibu nini?

3. Je, liko fundisho la kanisa letu usilolikubali? Umekwisha kumwambia kasisi wako, au umewaambia wengine tu?

4. Mtu wa kanisa jingine akija kwetu na shaka, tumsaidieje bila kumnyang'anya kutoka kwa ndugu zake?

SALA

Ee Mungu, uliyetupenda kabla hatujakujua, utupe ujasiri wa kusema kweli na upole wa kuisema. Uwaangalie wanaoteswa na hofu usiku, uwageuze macho wamtazame Mwanao. Ulilinde kanisa lako lisigawanyike kwa ajili ya kiburi chetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyejitoa kwa ajili ya wote. Amina.